Bei ya Pamba: Mkulima Anadai Hesabu

Kila mwaka msimu wa kununua pamba unapokaribia, neno moja huwa midomoni mwa watu wote wa ukanda huu wa ziwa, tangu Magu na Kwimba hadi Sengerema, Bunda na Ukerewe. Neno hilo ni bei. Mkulima huuliza kilo itakuwa shilingi ngapi. Karani wa chama cha msingi huuliza kadhalika, na kiongozi wa wilaya naye husubiri kutangaziwa. Lakini swali lililo kubwa kuliko hilo huulizwa na wachache mno: bei hiyo hutungwa na nani, wapi, na kwa hesabu gani? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo. Ni imani yetu kwamba taabu nyingi zilizomfika mkulima wa pamba hazikuletwa na udogo wa bei peke yake, bali zililetwa pia na desturi ya kumtangazia bei pasipo kumpa hesabu yake.

Ndugu zetu wa visiwani wasiseme kwamba jambo hili ni la Wasukuma wa bara tu, kwa kuwa wao leo ni wavuvi na walimaji wa muhogo. Ukerewe ililima pamba tangu enzi za ukoloni, na Murutunguru palikuwa na kiwanda cha kuchambulia pamba ambacho robota zake zilivuka maji kwenda kutafuta soko. Tena, kama tutakavyoonyesha huko mbele, kanuni inayomtawala mwenye pamba ndiyo inayomtawala mwenye sangara.

Pamba si muhogo

Muhogo wa Ukara huliwa Ukara, na ukizidi huvushwa kwenda Nansio au Mwanza. Bei yake huamuliwa na mvua ya hapa na matumbo ya hapa. Pamba haiko hivyo. Zaidi ya theluthi mbili ya nyuzi tunazochambua huuzwa nchi za nje, na huko hukutana na pamba ya Marekani, Brazil, India, Australia na Afrika Magharibi. Katika mzigo huo wote wa dunia fungu la Tanzania halifiki hata moja kwa mia. Maana yake ni kwamba, hata kama wakulima wote wa Mwanza, Simiyu, Shinyanga, Geita na Mara wangekubaliana kuifungia pamba yao ghalani mwaka mzima, viwanda vya nguo vya Asia visingetambua kuwa kuna kitu kilichopungua. Sisi hupokea bei, hatuipangi.

Bei yenyewe husemwa kwa senti za Kimarekani kwa kila ratili ya nyuzi. Husomwa katika soko la New York, ambako watu hununua na kuuza pamba ambayo pengine haijapandwa bado, na katika orodha ya bei itolewayo Liverpool, mji ambao tangu karne ya 19 ulikuwa kitovu cha biashara ya pamba. Katika msimu wa 2001/2002 wastani wa bei hiyo ulikuwa kiasi cha senti 42 tu kwa ratili. Machi 2011 ikapita dola 2. Katikati ya mwaka 2012 ilikuwa imekwisha rudi kwenye senti 80 na ushei. Mei 2022 ikapita dola 1 na nusu, na mwaka uliofuata ikateremka tena karibu na senti 90. Hakuna mkulima, hata awe hodari namna gani, awezaye kupanga maisha ya jamaa yake juu ya bei inayoyumba kiasi hicho.

Hesabu ya kilo tatu

Na tufanye hesabu moja nyepesi, ambayo kila mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza. Mkulima huuza pamba mbegu, yaani pamba kama ilivyotoka shambani. Kiwandani, kilo 3 za pamba mbegu hutoa kiasi cha kilo 1 ya nyuzi. Kinachobaki karibu chote ni mbegu, ambazo hukamuliwa mafuta na kutoa mashudu. Kilo 1 ni ratili 2.2. Tuseme bei ya dunia ni senti 80 kwa ratili. Basi nyuzi zilizomo katika kilo 3 za mkulima zina thamani ya senti 176. Tuseme tena, kwa mfano tu, kwamba gharama za kuchambua, kusafirisha hadi bandarini, ushuru, riba ya benki na faida ya mnunuzi, baada ya kutoa mapato ya mbegu, ni senti 45. Mkulima atabakiwa na senti 131.

Sasa bei ya dunia na ishuke kwa senti 10, iwe 70. Nyuzi zile zile zitakuwa na thamani ya senti 154. Je, mwenye lori atapunguza nauli kwa sababu New York imeshuka? Je, benki itapunguza riba? Hapana. Zile senti 45 zitakaa pale pale, na mkulima atabakiwa na senti 109. Bei ya dunia imeshuka kwa moja ya nane, lakini pato la mkulima limeshuka kwa moja ya sita. Na yeye hakulima kwa uvivu, wala hakupalilia mara chache kuliko mwaka uliotangulia. Katika safu nzima ya watu wanaoishika pamba hiyo, kila mmoja hukata chake kwanza, na mkulima hupewa kilichosalia. Ndiyo sababu mshuko wote humwangukia yeye peke yake.

Kwa hiyo mtu akimwambia mkulima kwamba bei imeshuka kwa ajili ya soko la dunia, kisha akanyamaza, amesema nusu tu ya kweli. Nusu ya pili ni zile senti 45: ngapi zimekwenda wapi, na kwa sababu gani. Nusu ya kwanza iko New York na Liverpool. Nusu ya pili iko hapa hapa nchini, katika viwanda vyetu, barabara zetu, benki zetu na ofisi zetu. Nayo yaweza kuhojiwa, kukaguliwa na kupunguzwa.

Mkono wa mataifa makubwa

Hatusemi kwamba soko la dunia ni mfano wa mvua, ambayo hunyesha pasipo kuamriwa na mtu. Soko hilo lina wenyewe. Mwalimu Nyerere alilieleza jambo hili jijini London mwaka 1975, kwa hesabu ambayo mpaka leo haijachakaa: mwaka 1965 Tanzania iliweza kununua trekta moja kwa kuuza tani 17 na robo za mkonge, na kufika mwaka 1972 trekta ya aina ile ile ilitaka tani 47. Mkulima wa mkonge hakuwa amezembea. Mwenye trekta alipanga bei ya trekta, na mwenye trekta huyo huyo akapanga bei ya mkonge.

Mwaka 1976 nchi changa zilikutana na nchi tajiri mjini Nairobi, katika mkutano wa nne wa Umoja wa Mataifa wa biashara na maendeleo, zikakubaliana juu ya mpango wa kutuliza bei za mazao, na pamba ilikuwa miongoni mwa mazao yaliyotajwa. Ulitarajiwa mfuko mkubwa wa kununua mazao wakati wa bei ndogo na kuyauza wakati wa bei kubwa. Mkataba wa mfuko huo ulitiwa sahihi mwaka 1980, ukaanza kazi mwaka 1989, lakini ukiwa mdogo mno kuliko ulivyotarajiwa, na kazi ile kubwa ya kutuliza bei haikufanyika.

Wakati nchi changa zikiambiwa kwamba serikali haifai kuingilia kilimo, Marekani ilikuwa ikiwalipa wakulima wake wa pamba, wapatao 25,000, mabilioni ya dola kwa mwaka. Mkulima wa namna hiyo hulima hata bei ikianguka, kwa maana hasara yake hulipwa na hazina. Pamba yake huzidi sokoni, na bei ya wote huzidi kushuka. Mwaka 2002 Brazil iliishtaki Marekani mbele ya Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2005 rufani ilikwisha kwa ushindi wa Brazil. Mwaka 2003 nchi nne maskini za Afrika, yaani Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zilisimama mbele ya shirika hilo hilo zikidai ruzuku za pamba zifutwe na nchi zilizodhurika zifidiwe. Mkutano wa Cancun wa mwaka huo ulivunjika bila mapatano. Huko Hong Kong mwaka 2005 iliahidiwa kwamba nchi tajiri zitafuta ruzuku za kusafirisha pamba nje, lakini ruzuku za mashambani, ambazo ndizo kubwa, zikabaki zikijadiliwa. Shauri la Brazil lilimalizwa mwaka 2014 kwa Marekani kulipa dola milioni 300. Fedha hizo zilikwenda kwa Brazil, si kwa Benin wala Tanzania, ingawa sehemu yake iliruhusiwa kutumika katika ushirikiano na Afrika. Na baadaye Brazil ilianzisha mradi wa Cotton Victoria, uliozihusisha Tanzania, Kenya na Burundi.

Haki hutaka tuseme pia kwamba si Marekani peke yake. China, rafiki yetu wa siku nyingi, tangu mwaka 2011 ilinunua na kuweka akiba pamba nyingi kupita kiasi ili kushikilia bei ya wakulima wake, na dunia nzima ikawa inaiangalia akiba ile kwa hofu kwamba itamwagwa sokoni. Kila taifa lenye nguvu humkinga mkulima wake. Swali letu ni hili: sisi tusio na mabilioni, wa kwetu tunamkinga kwa nini?

Tuliyoyaona sisi wenyewe

Wakulima wa ukanda huu hawakukaa mikono mifuani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, walipochoka kupunjwa ratili zao na wanunuzi, waliweka wapimaji wao wenyewe penye mizani, wakaunda vyama, na chini ya uongozi wa Paul Bomani vyama hivyo vikaungana mwaka 1955 kuwa shirikisho lililojulikana kwa herufi za VFCU. Katika miaka michache shirikisho hilo likawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika wa wakulima barani Afrika, likimiliki viwanda vyake lenyewe vya kuchambulia pamba. Sisi tuliopita madrasa kabla ya kuingia shule ya Serikali tulifundishwa mapema kwamba kupunja kipimo ni dhuluma isiyo na udogo. Wazee wale wa ushirika walilijua hilo, wakaikomesha dhuluma ya mizani. Iliyobaki ni dhuluma ya hesabu, nayo ni ngumu zaidi kukomeshwa, maana mizani huonekana kwa macho, lakini hesabu hufungiwa mezani.

Zama zile kulikuwa pia na Bodi ya Nyuzi na Mbegu za Pamba, ambayo ilikuwa na mfuko wa kusaidia bei. Katika mwaka wa neema sehemu ya mapato iliwekwa, na katika mwaka wa dhiki ilitolewa. Wazo lilikuwa jema. Kasoro yake ni kwamba mkulima wa kawaida hakuwa na njia ya kuukagua mfuko huo, na fedha ambayo mwenyewe haikagui haichelewi kupata matumizi mengine.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na Mamlaka ya Pamba ikashika ununuzi. Wakulima walicheleweshewa malipo yao, na fungu lao katika bei ya nje likapungua, kwa sababu gharama za katikati ziliongezeka. Kwa sheria ya mwaka 1982 ushirika ulirudishwa, na mwaka 1984 Nyanza ikasimama tena hapa Mwanza. Kisha mwaka 1994 soko likafunguliwa kwa wafanya biashara binafsi. Fedha taslimu zikaonekana vijijini, na hilo lilikuwa jema. Lakini vyama vikadhoofika, mbegu na dawa za wadudu zikawa hazina mwenyewe, na mfuko wa kukinga bei haukuwapo tena. Katika msimu wa 2005/2006 nchi ilivuna yapata tani 376,000 za pamba mbegu. Katika msimu wa 2020/2021 ilivuna yapata tani 122,000. Ukame na wadudu wana sehemu yao katika mshuko huo, lakini mkulima naye hupiga kura, nayo huipiga kwa jembe: akiona bei haieleweki, hupanda dengu, alizeti au mpunga.

Makosa mawili

Katika miaka hii ya karibuni tumeshuhudia makosa mawili yanayoelekea pande mbili tofauti. La kwanza ni la kumwachia mkulima soko peke yake. Mwaka 2012, baada ya bei kubwa ya mwaka uliotangulia iliyowavuta watu wengi kulima, kilo ilitangazwa shilingi 660. Wakulima wengi waliipinga, wakidhani wameibiwa. Kwa kweli bei ya dunia ilikuwa imeanguka kwa zaidi ya nusu. Lakini ni nani aliyewaonyesha hesabu hiyo kabla hawajapanda?

La pili ni la kuliamuru soko kwa tamko. Mwaka 2019 bei ilipangwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Nia ilikuwa njema, na mkulima aliipokea kwa shangwe. Lakini wakati huo huo Marekani na China zilikuwa katika ugomvi wao wa ushuru, na bei ya dunia ikateremka kwa haraka. Wanunuzi wakasita. Pamba ikarundikana majumbani na maghalani. Wengine waliuza kwa mkopo, wakakaa miezi wakisubiri fedha zao, huku ada za shule na deni la dawa za wadudu havisubiri. Bei kubwa isiyolipwa ni ndogo kuliko bei ndogo inayolipwa.

Tena mwaka 2022 bei ilianzia shilingi 1,560, na baadhi ya maeneo ilipita hapo; mwaka 2023 ikawa shilingi 1,060. Laiti katika ule mwaka wa neema zingewekwa shilingi 100 kwa kila kilo, mkulima angepokea 1,460 badala ya 1,560, na mwaka uliofuata, kama mavuno yangelingana, angepokea 1,160 badala ya 1,060. Anguko la shilingi 500 lingekuwa anguko la shilingi 300. Hatusemi kwamba mfuko huifuta hasara. Tunasema huipunguza makali, na mtu aliyepunguziwa makali hauzi ng'ombe wake wa plau.

Somo la sangara

Hapa tunawageukia ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome. Wao wanakumbuka kwamba mwishoni mwa mwaka 1997 nchi za Umoja wa Ulaya zilizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu ya kipindupindu, hata wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliposema kwamba hofu hiyo ilizidi kiasi. Mwaka 1999 mlango ukafungwa tena, safari hii kwa tuhuma za sumu kutumika katika uvuvi. Mvuvi wa Ukara ambaye hakuwahi kushika sumu alivuta nyavu zake, akakuta sangara aliyekuwa dhahabu juzi amekuwa kitoweo leo. Naye, kama mwenye pamba, hakuulizwa.

Lakini tazameni yaliyofuata. Nchi za ziwa hazikukaa kulalamika tu. Wakaguzi waliwekwa, mialo ikatengenezwa, viwanda vya minofu vikasafishwa, na hapa Mwanza, huko Nyegezi, ikajengwa maabara ya kupima ubora wa samaki. Soko likafunguka. Somo ni kwamba yako mambo ambayo hatuna amri juu yake, na yako ambayo amri ni yetu. Mwenye hekima huyatenga mafungu hayo mawili, kisha hushughulika na lake.

Katika pamba, usafi ni fungu letu. Kila mtu aliyekaa penye ghala la kununulia anajua tofauti ya pamba safi na fifi, na anajua pia kwamba wapo wanaotia mchanga na maji ili kuongeza uzito. Mtu huyo hudhani amemwibia mnunuzi. Kwa kweli amemwibia jirani yake, kwa maana mnunuzi wa nje akikuta uchafu katika robota moja hupunguza bei ya nchi nzima. Vile vile karani anayenunua fifi kwa jina la safi, au anayechezea mizani, ni mshiriki wa hasara hiyo, na chama kinachomvumilia kinajichimbia kaburi.

Nguo inayorudi

Fungu letu la pili ni viwanda. Mwatex ilipofunguliwa hapa Mwanza mwaka 1968, na baadaye Mutex ya Musoma, nia ilikuwa kwamba pamba iliyochumwa Misungwi ivaliwe Misungwi. Viwanda hivyo vilidhoofika kwa upungufu wa umeme, vipuri na fedha za kigeni, na soko lilipofunguliwa vikakutana na nguo rahisi za Asia na mitumba ya Ulaya na Marekani. Kufika katikati ya miaka ya 1990 Mwatex ilikuwa imesimama. Basi pamba ikawa inaondoka kama nyuzi, na kurudi kama shati lililokwisha kuvaliwa na mwingine.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuipunguza mitumba hatua kwa hatua hadi kuikomesha ndani ya miaka mitatu. Wafanya biashara wa mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kuziondolea nchi zetu nafuu ya kuuza bidhaa huko bila ushuru. Mmoja baada ya mwingine tukarudi nyuma. Rwanda peke yake ilishikilia, na mwaka 2018 ikaondolewa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Hatuwalaumu waliopima hasara na faida. Tunalosema ni kwamba nchi zilizoamua pamoja ziliondoka moja moja, na aliyekuwa akitishia alijua kwamba itakuwa hivyo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tangu Julai 2022 Jumuiya imekuwa na kiwango cha juu cha ushuru wa forodha cha asilimia 35, kinachohusu pamoja na mengine nguo. Ushuru huo ni ukuta. Lakini ukuta usio na nyumba ndani yake hautamsitiri mtu. Nyumba ni viwanda vya kusokota na kufuma, na mteja wa kwanza wa viwanda hivyo sharti awe Serikali yenyewe, kwa shuka za hospitali na sare za majeshi yetu.

La kufanya

Kutokana na hayo yote, tunaweka mbele ya viongozi na wanachama mambo matatu, ambayo hayangoji ruhusa ya Geneva wala Washington.

Kwanza, hesabu ibandikwe. Kila chama cha msingi, siku ya kufungua msimu, kiwe na ubao penye mizani ulioandikwa kwa Kiswahili chepesi: bei ya dunia wiki hiyo, thamani ya dola kwa shilingi, kiasi cha nyuzi kinachotoka katika kilo, gharama ya kuchambua, gharama ya kusafirisha, ushuru wa halmashauri, makato ya pembejeo, na mwisho fungu la mkulima. Ubao huo ubadilishwe kila bei inapobadilika. Kiongozi anayeogopa ubao huo ajiulize anaogopa nini. Na bei dira itangazwe pamoja na hesabu yake, ili mkulima ajue ni nini Serikali imeahidi na ni nini inakisia tu.

Pili, mfuko wa kutuliza bei urudishwe. Tunajua mkulima atasema kwamba makato ameyazoea, na kwamba hakuna mfuko aliouchangia ukarudi mkononi mwake. Ana haki kusema hivyo. Ndiyo maana mfuko huo lazima uwe wa wakulima wenyewe, uandikwe kwa jina la kila mwanachama katika daftari lake, usitumiwe kununulia dawa, mbegu, gari wala semina, na salio lake lisomwe hadharani katika mkutano mkuu wa kila mwaka. Mfuko usiosomwa mbele ya wenyewe usianzishwe kabisa.

Tatu, zile gharama za katikati zipunguzwe kwa vitendo. Daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limewaondolea watu wa Sengerema na Geita saa nyingi za kungojea kivuko. Basi nauli ya pamba nayo ionekane imepungua katika ubao wetu, la sivyo mkulima ataona daraja kwa macho tu. Yafaa wakuu wa wilaya waliulize swali hilo kwa tarakimu. Na watu wa visiwani, ambao hawana daraja, wana haki ya kuuliza ni senti ngapi katika kila kilo ya samaki au ya pamba huzama majini kwa sababu ya vyombo vichache na gati mbovu.

Katika meza za biashara za dunia wajumbe wetu na waendelee kudai haki pamoja na wenzao wa Benin na Mali, wala wasichoke. Lakini mjumbe wa nchi ambayo mkulima wake anaijua hesabu yake husema kwa sauti tofauti na mjumbe wa nchi ambayo mkulima wake hukisia. Ubao mmoja wa mbao na chokaa ya kuandikia havizidi uwezo wa chama chochote cha msingi, kuanzia Kwimba hadi Ukara. Msimu ujao tutapita kuangalia ni vyama vingapi vimeuweka.